Feni Zilizosikilizwa

Jumatatu, 3 Machi

Kaka yangu,

Kwanza naomba uketi. Ukiisoma barua hii umesimama kaunta utaisoma nusu, kisha ataingia mteja, nayo utaifanya kitambaa cha kufutia pesti yako ya kupozea kompyuta. Nakujua.

Mimi mzima, kazi ipo, na dari ya jikoni kwangu bado inavuja. Hayo nimeyamaliza. Sasa niambie, kwa nini nimesikia kwa kinyozi wa jirani yako kwamba duka linafungwa? Kinyozi! Amenitumia picha ya mlango wetu, na kwenye kioo imebandikwa karatasi yenye mwandiko wako ule wa kulalia upande: "Duka litafungwa kabisa tarehe 30 Aprili. Asanteni kwa miaka kumi na tisa." Nilikuwa kwenye foleni ya mkate. Nikatoka kwenye foleni bila mkate.

Nimekupigia simu mara sita, hupokei. Nikikutumia ujumbe unajibu "sawa". Nimekuuliza, "Ni kweli unafunga?" Ukajibu, "Sawa." Hilo ni jibu gani? Wifi naye nikimpigia ananiambia, "Muulize mwenyewe, mimi nimekatazwa." Ndiyo maana nakuandikia barua kama watu wa zamani. Kwenye karatasi nzima utaona aibu kuniandikia neno moja.

Duka lile tulilifungua wawili, kaka. Rafu moja, feni thelathini, bisibisi mbili. Watu walitucheka: duka zima la kupoza kompyuta tu? Kibodi hamna, skrini hamna, hata chaja hamna? Wewe ukawajibu, "Tuna baridi," ukiwa na uso mkavu kabisa, na kuanzia siku hiyo mtaa mzima ukakuita Bwana Baridi.

Ninachokikumbuka zaidi ni saa nne asubuhi. Unagonga ukuta mara mbili, kinyozi anazima mashine yake, mteja wake anabaki na nusu kichwa. Tunazima feni ya dari. Waliomo dukani wanafunga midomo. Kisha tunachukua zile feni ndogo za kompyuta zilizofika, moja moja, tunaiwasha, tunaiweka sikioni, moja wewe, inayofuata mimi. Beringi ikisaga hata kidogo, inarudi ilikotoka. Ikiwa safi inabandikwa stika yetu, "Nimesikiliza", na sahihi ya aliyeisikiliza chini yake. Watu walivuka mji mzima kuja kununua kitu ambacho mwenzetu wa barabara ya pili alikuwa nacho pia, kwa sababu tu chetu kilikuwa na ile stika.

Basi nakuuliza bila kuzunguka. Ni kwa sababu yangu? Miaka minne iliyopita nilifunga virago nikakuachia kaunta peke yako, na tangu siku hiyo hatujazungumza vizuri hata mara moja. Kama una kinyongo, kitoe. Nataka kuja siku ya mwisho nisimame nawe pale. Lakini sitakuja mahali ambapo kaka yangu hanitaki.

Mdogo wako,
Sikio (kama bado unaniita hivyo)

---

Jumatatu, 10 Machi

Mdogo wangu Sikio,

Nimeketi. Nimeketi juu ya katoni ya mipira ya maji ya kupozea kompyuta, kwa sababu viti viwili nimeshampa fundi viatu. Na kinyozi nitamnyoa mimi mwenyewe, bila maji. Mdomo wake haujawahi kuwa na mlango.

Hakuna siri yoyote. Dunia imebadilika, basi. Watu wanafanya kila kitu kwenye simu. Laptopu zimekuwa nyembamba, huwezi kuzifungua bila kuzivunja. Na anayetaka feni anaiagiza akiwa kitandani, kesho kutwa inabisha mlangoni kwake. Siku nzima hapa anaingia mtu mmoja, naye anataka chaja.

Nimeanza kushusha vitu rafuni, na kila ninachokishusha kinanikalisha chini. Unamkumbuka mpiga picha za harusi, aliyesema kompyuta yake inanuka? Tukaifungua, tukakuta panya amejitandikia kiota cha vipande vya picha, na kipande kimoja kilikuwa na macho ya bibi harusi yanatuangalia. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Nimeipata pia ile bisibisi yenye mpini wa kijani, ambayo kwa miaka kumi tulimshuku fundi viatu kwamba ameiiba. Ilikuwa nyuma ya rafu. Sijui nimwombe radhi vipi mtu ambaye hakujua kwamba tulimshuku.

Na harufu ya pesti. Wifi yako anasema hata nikioga siku mbili mfululizo inabaki kwenye vidole. Nadhani hiyo ndiyo nitakayoikosa zaidi.

Wifi yako pia anasema naweka televisheni juu mno. Mimi nasema watangazaji wa siku hizi wanamumunya maneno. Kila mtu anamumunya, hata wateja. Sijui shule zinafundisha nini.

Kinyongo sina. Lakini usije. Safari ni ya siku nzima, na utakachokikuta ni rafu tupu na mzee mmoja ana vumbi kichwani. Likumbuke duka lilivyokuwa. Mimi ningekuwa mahali pako ningefanya hivyo.

Kaka yako,
Bwana Baridi

---

Jumamosi, 15 Machi

Kaka,

Umenipiga chenga kwa ustadi, nakupa maksi zote. Tatizo ni kwamba kinyozi ana macho pia. Ananiambia Jumamosi iliyopita watu sita walisimama nje wakingoja, na kwamba vijana wa gemu wameleta barua yenye sahihi arobaini wakikuomba usifunge. Sasa huyo mtu mmoja wa chaja ni nani?

Nitakwambia jambo ambalo sikuwahi kukwambia. Hapa kazini kuna chumba kimoja kikubwa chenye kompyuta zilizopangwa kama makabati, na ndani yake zinavuma feni zaidi ya elfu tatu. Tunaingia tumeziba masikio. Hakuna anayesikiliza chochote. Feni ikifa, taa nyekundu inawaka, unaichomoa, unaweka nyingine, unaendelea. Kazi ni nzuri, wananiheshimu, sina cha kulalamika. Lakini kuna asubuhi, ikifika saa nne, nasimama tu pale katikati kama mtu aliyesahau alichofuata.

Sema neno moja, kaka, nitarudi. Si kwa siku ya mwisho tu, nitarudi moja kwa moja. Nimeshamuuliza mkuu wangu inachukua muda gani kuacha kazi.

Halafu kuna hili. Jumatano nilipiga simu ya dukani kwa namba ya mwenzangu, nikijua ukiona yangu hutapokea. Ukapokea. "Hallo? Hallo?" Nikasema, "Ni mimi, kaka, ni mimi Sikio." Nilisema mara nne. Ukasema, "Acheni kunichezea, watu tuna kazi," ukakata. Nikalia koridoni, kitambulisho shingoni, watu wakinipita. Nina miaka arobaini na mbili. Kama hiyo siyo hasira, niambie inaitwaje.

Mdogo wako

---

Jumamosi, 22 Machi

Mdogo wangu,

Sikukukatia simu wewe. Laini ya dukani ni mbovu, inakoroma. Usilie tena koridoni, umenifanya nishindwe kula.

Na usirudi. Nakuomba, na ukikataa ombi nakuamuru, maana mimi ndiye mkubwa. Una kazi yako na heshima yako huko. Sitaki urudi hapa uje kuwa

Nimeufuta mstari uliofuata, usiniulize ulisema nini. Duka linafungwa tarehe 30 kwa sababu nimeamua lifungwe. Tuliache hapo.

Kaka yako

---

Alhamisi, 27 Machi

Mpendwa dada,

Hunijui. Anwani yako nimepewa na kinyozi wa jirani na duka la kaka yako, baada ya kumsumbua siku tatu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nawasomea vitabu watu wasioona: najirekodi nyumbani kwenye kompyuta, kisha rekodi zinapelekwa kwao. Ndiyo maana nilinunua feni kwa kaka yako. Niliambiwa zake ndizo zilizo kimya.

Ile niliyoinunua mwezi wa kwanza ilikuwa na stika na sahihi yake. Baada ya wiki mbili msikilizaji wangu mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwani huko kwako mvua haikatiki?" Nikairudisha dukani. Kaka yako akaiwasha, akaiweka sikioni, akafumba macho. Mimi nilikuwa mlangoni, hatua saba hivi, na niliisikia ikisaga kama jiwe la kunolea. Akafumbua macho akatabasamu. "Safi kabisa, mama," akasema.

Nilidhani ananifanya mjinga. Kulikuwa na watu, na mbele yao nikamwita mwongo. Nikasema anauza stika, hauzi feni. Alikuwa ananitazama mdomo. Dada yangu, nimefundisha miaka thelathini na moja, najua mtoto asiyesikia anavyomtazama mwalimu. Niliposhusha sauti akageuza kichwa upande, na hapo nikaelewa nilichokifanya.

Kijana mmoja aliyekuwepo akaichukua ile feni akaisikiliza. Aliirudisha tu mezani polepole. Nadhani uso wa yule kijana ulimuumiza kaka yako kuliko maneno yangu. Kesho yake karatasi ikawa mlangoni.

Nimekwenda kumwomba radhi mara tatu. Amenisamehe, amenipa feni nyingine, na ameniomba nisimwambie mtu, hasa wewe. Sijui kwa nini hasa wewe. Nimevunja ahadi kwa sababu kinyozi ameniambia unaamini kaka yako amekukasirikia. Hajakukasirikia. Hakusikii.

Wako,
Msomaji

---

Jumatano, 2 Aprili

Kaka,

Yule mwalimu ameniandikia. Usimgombeze. Gombana na mimi, nina sababu ya kugombezwa kuliko yeye.

Nilijua.

Nilijua kabla sijaondoka. Mwaka wangu wa mwisho pale, siku moja nilichukua feni uliyoipitisha wewe, ikanisagia sikioni. Nikadhani ni bahati mbaya. Wiki iliyofuata zikawa mbili. Kuanzia hapo, kila ulipokwenda kula saa saba, nilizisikiliza upya zote za asubuhi. Zile mbovu nilizitoa nikazitia kwenye kasha lililoandikwa "nyaya mbovu" chini ya meza, nikaweka nzima mahali pake. Nilifanya hivyo miezi kumi na moja. Ukirudi unanikuta nafuta kaunta.

Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Nilikuwa na maneno tayari. Halafu saa nne inafika, unagonga ukuta, unafumba macho, una furaha ile, na maneno yote yananikauka. Wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza. Ningeanzaje? Ikatokea kazi ya huku, nikaikimbilia. Nilimwambia kila mtu ni kwa ajili ya maisha bora. Uongo. Nilikimbia ili nisiwe mimi wa kukwambia.

Kwa hiyo nilipokuuliza kama unafunga kwa sababu yangu, hili ndilo nililokuwa naliogopa. Nilidhani umegundua. Nimekuacha uweke sahihi yako miaka minne kwenye vitu usivyovisikia, nikijua. Sina pa kujificha, na nakuomba msamaha.

Sikio, ambaye sasa hili jina linamwaibisha

---

Jumanne, 8 Aprili

Barua yako imefika.

Niliitwa mwongo dukani kwangu mbele ya watu, na aliyeniita alikuwa sahihi, na wewe ulikuwa unajua miaka minne kabla yake. Ungeniumiza kwa dakika tano mezani, mimi na wewe, mlango umefungwa.

Usije tarehe 30. Usiandike.

---

Jumatatu, 21 Aprili

Mdogo wangu,

Nilikwambia usiandike, nawe hukuandika. Ni mara ya kwanza unanitii tangu uzaliwe, na umechagua wakati mbaya kuanza. Siku kumi na tatu nimekuwa nikimtazama mpeleka barua kama anayeniibia.

Nikueleze nilichokifanya. Nilitoa daftari la wateja wa miaka minne, nikawaandikia wote niliowapata: feni niliyokuuzia ikiwa na sahihi yangu sikuisikia, ilete ikaguliwe. Nilidhani watakuja kunitukana. Wamekuja, arobaini na watatu. Yule mwalimu amejitolea kusikiliza. Saa nne nagonga ukuta, kinyozi anazima mashine, mwalimu anafumba macho, na mimi nasimama pembeni nimeshika bisibisi. Zilizokuwa mbovu ni tisa, nimezibadilisha. Mpiga picha za harusi alikuja na yake, ilikuwa nzima, akasema hata ingekuwa mbovu asingeileta, alitaka tu kuliona duka. Tukapiga soga mpaka saa nane, au tuseme yeye alipiga, mimi nikatazama mdomo wake.

Daktari wa masikio amenipima. Kuna kifaa, kitafika mwezi ujao, kitanirudishia mazungumzo ya kawaida. Zile sauti ndogo ndogo zimekwenda moja kwa moja. Nilimuuliza mara mbili, akaniandikia jibu kwenye karatasi ili nisijidanganye. Kwa hiyo duka linafungwa, na safari hii unajua kwa nini. Feni zinauzwa kila mahali. Sisi tulikuwa tunauza kusikiliza, na mimi sina tena. Ule mstari nilioufuta ulisema sitaki urudi uje kuwa masikio yangu. Bado sitaki. Ulishakuwa, miezi kumi na moja, bila hata kuniambia.

Sasa na mimi niseme la kwangu, maana nimekuacha ubebe peke yako mzigo ambao ni wa wawili.

Lile kasha la nyaya mbovu nililifungua. Ulikuwa bado upo, ilikuwa kama mwezi wa nne tangu uanze. Nilikuwa natafuta waya. Nikakuta feni kumi na moja, zote zina sahihi yangu. Nilichukua moja nikaiwasha, nikaiweka kwenye sikio hili, kisha kwenye lile. Kimya. Nyingine, kimya. Nikazirudisha kama nilivyozikuta, nikafunga kasha, nikaenda kula. Nilikwenda kula kila siku saa saba kamili, hata nisipokuwa na njaa, ili upate nafasi. Nilijua, Sikio. Nilikuwa nakungoja useme, na nilikuwa naomba usiseme.

Halafu siku moja ukaniambia umepata kazi mbali. Unajua nilifikiri nini? Nilifurahi. Nilijiambia huyu mtoto ananipenda, asingeweza kuniacha kama masikio yangu bado ni mabovu. Amesikiliza, ameona nimepona, ndiyo maana anaondoka. Nililishika hilo miaka minne. Kila feni niliyoitia sahihi, niliitia kwa kuamini kuondoka kwako. Nilipokuandikia kwa hasira sikuwa na hasira kwa sababu ulinificha. Niliona kwamba hukuondoka kwa kuwa nimepona, na sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Mtu mzima mimi, naona aibu kuandika haya, lakini wewe ulianza, na sitaki ushinde peke yako.

Nimekosa mwenzangu pale kaunta. Hilo ningelisema tangu barua ya kwanza, badala yake nikakuandikia habari za chaja. Jana nilifuta rafu ya juu, ile ambayo huifikii bila stuli, nikajikuta nakusemesha kwa sauti. Fundi viatu alichungulia akadhani nimepata mteja.

Njoo. Panda basi la asubuhi tarehe 29, ulale kwetu, wifi yako ameshatandika. Tarehe 30 sitaki usikilize chochote wala usahihishe chochote. Nataka tukae tu mle ndani mpaka jioni, watu waje kuaga, kisha tufunge.

Na ukifika usisimame mlangoni ukibisha hodi, maana nitakuwa nimekupa mgongo, nafungasha, na sitakusikia. Ingia tu, unishike bega.

Kaka yako